Dungu la Moto: Kuhifadhi, Kukarabati na Kujenga Upya Si Jambo Moja

Kila kiangazi kinapofika magharibi mwa Marekani na misitu ikaanza kuwaka, picha za aina moja hurudi tena mitandaoni: kibanda kidogo cha mbao kilichosimama peke yake kileleni, kimevikwa kuanzia paa hadi msingi kitu cha kung'aa kinachofanana na karatasi ya alumini tunayofungia chakula. Wanaoziona huuliza swali la haki kabisa. Ikiwa moto unatishia makazi ya watu, kwa nini wazimamoto wapande mlima kwenda kufunga kibanda kisicho na mkazi? Tena, zama hizi za setilaiti na kamera, kibanda hicho kina kazi gani? Maswali huongezeka inaposikika kwamba kibanda kingine kama hicho, kilichooza au kuungua, kimejengwa upya kwa mbao mpya na bado kinaitwa cha kihistoria.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na maneno. Tunasema “kuhifadhi” tukiwa na maana nne tofauti, kisha tunagombana kana kwamba tunazungumzia kitu kimoja. Kwa hiyo tuanze na kibanda chenyewe.

Kiswahili kina neno linalokikaribia sana, nalo ni dungu. Waliokulia kwenye mashamba ya mpunga wanalijua: jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba, anapokaa mtu kuwinga ndege na kuwaangalia ngedere na nguruwe. Dungu lenyewe halifukuzi ndege hata mmoja. Kazi yake ni kumwinua mlinzi ili aone mapema kuliko angeona akiwa amesimama chini. Dungu la moto ni hivyo hivyo: jengo lililowekwa mahali pa juu ili mtu aone moshi ungali mdogo, ajue unatokea wapi, na atoe taarifa. Hapa tunaondoa dhana potofu ya kwanza. Dungu la moto si kituo cha zimamoto, ni jicho. Ni kweli kwamba zamani mlinzi mwenyewe aliweza kushuka na koleo kwenda kuuzima moto mdogo uliokuwa karibu, lakini kilichojengewa dungu kilikuwa kuona.

Yako ya namna mbili kuu. Kwenye vilele vya mawe vya magharibi, ambako hakuna miti ya kuziba macho, kibanda kingeweza kukaa moja kwa moja juu ya mwamba au kwenye nguzo fupi, na mlinzi akaishi humo humo msimu mzima. Kwenye vilima vya mashariki vilivyofunikwa na miti ilibidi kujenga minara mirefu ya chuma yenye chumba kidogo juu, na mlinzi akapewa nyumba chini yake. Minara mingi ya aina hiyo ilitoka katika kampuni ya Aermotor ya Chicago, ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kutengeneza vinu vya upepo vya kuvutia maji visimani. Hata kwetu wazo hili si geni, kwani mashamba makubwa ya miti ya kupandwa kama Sao Hill huko Mufindi nayo yana minara ya kuangalia moto.

Hofu iliyozaa madungu ya Marekani ina tarehe. Idara ya Misitu ya nchi hiyo ilianzishwa mwaka 1905, na ilikuwa bado changa pale, tarehe 20 na 21 Agosti 1910, upepo mkali ulipounganisha mioto mingi iliyokuwa ikiwaka katika majimbo ya Idaho, Montana na Washington. Ziliungua takribani hekta milioni 1.2, na watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa wazimamoto. Idara ilitoka katika msiba huo ikiwa na imani moja, kwamba moto ukionekana mapema huzimwa ungali mdogo. Mwaka 1935 imani hiyo ikawa amri: kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata baada ya kuonekana. Amri ya namna hiyo haitekelezeki bila macho mengi, na wakati huo huo palikuwa na mikono mingi, kwa sababu Kikosi cha Kiraia cha Hifadhi, kilichoanzishwa mwaka 1933 kuwapa kazi vijana walioathirika na mdororo wa uchumi na kuvunjwa mwaka 1942, kilijenga barabara za misituni, kikavuta nyaya za simu na kusimamisha madungu kwa maelfu. Idaho pekee ilifikia kuwa na karibu madungu 1,000.

Yalijengwaje kwa wingi namna hiyo juu ya milima isiyo na barabara? Yaliletwa yakiwa yamekatwa tayari. Kibanda kilichoenea zaidi, kilichojulikana kwa alama ya L-4, kilikuwa chumba kimoja cha futi 14 kwa 14 chenye madirisha pande zote nne, na mbao zake zilikatwa kwa urefu ambao nyumbu, yaani mnyama chotara wa punda na farasi, angeweza kuubeba mgongoni kwenye njia nyembamba ya mlimani. Fundi alikuta vipande vimehesabiwa na michoro imeandaliwa. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia: madungu mengi hayakuwa kazi ya msanii mmoja, bali nakala za mchoro mmoja.

Kisichokuwa nakala kinaonekana ukiingia ndani. Katikati ya chumba, mahali ambapo nyumba ya kawaida ingekuwa na meza ya kulia, kinasimama kifaa kilichobuniwa na W. B. Osborne, mtumishi wa Idara ya Misitu mjini Portland, aliyeanza kukitengeneza mwaka 1911. Ni sahani ya duara yenye ramani, na nukta ya katikati ya ramani hiyo ni pale pale dungu liliposimama. Pembeni mwa sahani kuna pete ya chuma iliyogawanywa kwa nyuzi 360, na juu ya pete kuna vilengeo viwili vinavyotazamana: kimoja kina upenyo mwembamba wa kuchungulia, kingine kina unywele wa farasi uliovutwa wima. Mlinzi akiona moshi huvizungusha vilengeo hivyo kuifuata pete, huweka jicho kwenye upenyo, na kuvisogeza mpaka unywele uukate moshi chini kabisa, pale unapotoka ardhini, si juu unakopeperushwa na upepo. Kisha husoma nyuzi.

Lakini nyuzi hizo humpa mwelekeo tu. Ngoma ikilia usiku, aliyekaa barazani kwake anaweza kunyoosha kidole inakotoka, wala asijue kama iko kijiji cha pili au cha tano. Akitokea mwenzake wa kilima cha pili naye akanyoosha kidole, pale mistari ya vidole viwili inapokutana ndipo penye ngoma. Hivyo ndivyo madungu yalivyofanya kazi. Mlinzi mmoja aliita kwa simu, mwingine akalenga moshi ule ule kutoka kilele chake, na makao yaliyokuwa yakipokea taarifa yakachora mistari miwili kwenye ramani. Dungu moja lilikuwa nusu ya chombo. Nusu ya pili ilikuwa juu ya mlima mwingine.

Kuna kitu kingine humo ndani ambacho hakisahauliki kwa urahisi: kigoda kifupi cha mbao ambacho miguu yake minne imevishwa vikombe vya kioo. Radi zikianza kupiga kilele, mlinzi alipanda juu yake, kwa sababu kioo hakipitishi umeme, huku nyaya za shaba zikitelemka kutoka paani hadi ardhini kulipeleka pigo chini. Mtu huyo, akiwa juu ya kigoda, aliendelea kuhesabu radi zimeangukia wapi, kwani kesho yake ndiko moshi ungetokea. Hallie Daggett alianza kazi hiyo mwaka 1913 katika dungu la Eddy Gulch, kaskazini mwa California, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba mwanamke angestahimili upweke wa kilele hata kwa msimu mmoja. Aliendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Ninapoulizwa kwa nini kibanda cha futi 14 kiitwe urithi wa taifa, huanza na kigoda hicho na mwanamke huyo kabla ya kutaja sheria yoyote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ambamo walinzi wengi wa madungu walipewa pia kazi ya kuangalia ndege za adui, ndege zenyewe zikachukua doria ya moto. Barabara zikaongezeka, redio zikaenea, na baadaye kila mpita njia akawa na simu mfukoni. Madungu yaliyoachwa yakawa mzigo: mtoto angeweza kupanda na kuanguka, nani angelipa? Kwa hiyo Idara ya Misitu yenyewe ilibomoa mengi, na mengine iliyachoma moto kwa makusudi. Nalisema hili bila kebehi, kwa kuwa waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao, lakini inauma kufikiri kwamba majengo yaliyojengwa kwa ajili ya moto yalimalizwa kwa kiberiti cha mwenyewe.

Sasa tuyafungue yale maneno manne. Miongozo ya serikali ya Marekani kuhusu majengo ya kihistoria hutofautisha njia nne za kulishughulikia jengo, na njia rahisi ya kuzielewa ni kuifikiria nyumba ya bibi huko kijijini. Kuhifadhi ni kuziba panapovuja na kuzuia mchwa, nyumba ibaki kama ilivyokutwa, pamoja na viraka vyake vyote. Kukarabati kwa matumizi ni kuvuta umeme na kuongeza choo ili wajukuu waweze kuishi humo, bila kuiharibu sura yake. Kurejesha ni kuchagua kipindi kimoja, tuseme mwaka ambao babu alioa, kisha kuondoa mabati yaliyoezekwa baadaye na kurudisha makuti ya wakati ule. Kujenga upya ni pale nyumba imekwisha kuanguka na tunaisimamisha tena kwa kufuata picha, michoro na alama za msingi. Njia hii ya mwisho ina masharti makali kuliko zote: kuwe na ushahidi wa kutosha badala ya kubahatisha, na jengo litangazwe wazi kuwa limejengwa sasa, ili mgeni asidanganywe.

Mipaka ya njia hizi inatelezaje? Chukua dungu la kawaida. Madirisha yake yalifunikwa majira ya baridi kwa vibao vikubwa vya mbao, ambavyo kiangazi viliinuliwa na kushikiliwa kwa fito vikawa kama ukumbi wa kivuli kuzunguka nyumba. Kibao kimoja kikipasuka, kioo nyuma yake huvunjika. Kioo kikivunjika theluji huingia na kulala sakafuni miezi mitano. Ikiyeyuka, maji huenda kwenye kona ya chini kabisa, mahali ambapo boriti ya kizingiti imelala juu ya jiwe. Hapo ndipo kuoza huanzia, mahali pasipoonekana. Fundi anayekuja miaka 20 baadaye hukuta kuta zinapendeza, lakini akichoma kisu kwenye kizingiti kinazama mpaka kwenye mpini. Anabadilisha kizingiti. Mwaka unaofuata anabadilisha nguzo mbili, kisha vigae vya mwerezi vya paa. Ni lini ameacha kuhifadhi na kuanza kujenga upya?

Watu wa pwani tunalijua swali hili kupitia jahazi. Ubao ukioza hutolewa na kupachikwa mwingine, chombo kikatiwa kalafati, na baada ya miaka 40 huenda ubao wa kwanza uliobaki ni mmoja tu. Nahodha haoni kwamba ana chombo kipya. Anachokiangalia ni kama umbo limebaki na kama kilitengenezwa kidogo kidogo, na si mara moja. Wataalamu wa urithi nao hufuata kanuni inayofanana: tengeneza kabla ya kubadilisha, na ukilazimika kubadilisha, kipya kifuate cha zamani kwa umbo na, inapowezekana, kwa aina ya kitu kilichotumika.

Kesi iliyoyafikisha haya yote mahakamani ni ya Green Mountain, katika jimbo la Washington. Dungu lake lilijengwa mwaka 1933, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nalo limo katika Rejista ya Taifa ya Mahali pa Kihistoria. Lakini pia limo ndani ya eneo la Glacier Peak, ambalo linalindwa na sheria ya mwaka 1964 ya mapori ya asili. Sheria hiyo inataka maeneo yaliyotengwa yabaki bila alama ya mkono wa binadamu: hakuna magari, hakuna mashine, hakuna kutua ndege, hakuna majengo, isipokuwa kile kilicho cha lazima kabisa kwa usimamizi wa pori lenyewe. Upande wa pili, sheria ya mwaka 1966 ya hifadhi ya mambo ya kale inazitaka taasisi za serikali zijali majengo ya kihistoria yaliyo chini yao. Sheria moja inasema pori lisiwe na jengo. Nyingine inasema jengo hili lisipuuzwe. Zote mbili ni nzuri, na zote mbili zilikuwa zimesimama juu ya mwamba mmoja.

Dungu lilipozidi kuchakaa, Idara ya Misitu ililivunja, sehemu zake zikashushwa kwa matengenezo, na mwaka 2009 likasimamishwa tena kwa msaada wa helikopta na mbao nyingi mpya. Kikundi cha kutetea mapori, Wilderness Watch, kilishtaki. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho ilikubaliana nacho: Idara haikufanya uchambuzi unaotakiwa na sheria wa kama kazi kubwa kiasi hicho, tena kwa helikopta, ilikuwa ya lazima. Amri ikawa dungu liondolewe.

Halafu, tarehe 22 Machi 2014, mlima uliporomoka huko Oso, si mbali na hapo, ukaua watu 43 na kuifunga barabara kuu ya kwenda mji mdogo wa Darrington, ambao wakazi wake walilipenda dungu hilo. Mswada wa kuliokoa, uliokuwa umekwama bungeni, ulipitishwa katika majuma machache kama faraja kwa eneo hilo, na Rais Obama akautia sahihi mwezi Aprili. Dungu limebaki.

Wengi husimulia kisa hiki kama vita kati ya wapenda historia na wapenda pori. Mimi sioni hivyo. Kwa maoni yangu mahakama ilikuwa sahihi kuhusu utaratibu, kwani ofisi ya umma haiwezi kujiruhusu helikopta palipokatazwa kwa sababu tu nia yake ni njema, na wakazi wa Darrington walikuwa sahihi kuhusu thamani. Bunge liliamua hatima ya kibanda kimoja. Halikusema nyundo ngapi zinaruhusiwa kwenye kibanda kinachofuata. Jimbo la New York lilichukua njia tulivu zaidi katika milima ya Adirondack. Minara ya St. Regis na Hurricane ilikuwa kwenye ardhi ambayo kanuni zake hazikuruhusu majengo ya namna hiyo, na mwaka 2010 wasimamizi waliamua kukitenga kipande kidogo cha kilele chini ya kila mnara kiwe eneo la kihistoria, pori likaendelea kuwa pori kuanzia mpakani mwa kipande hicho. Wakazi wa huko ndio waliojitolea kuitengeneza.

Zimebaki dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba kamera na setilaiti zimeyafuta madungu yote. Ni kweli kwamba teknolojia imefanya makubwa: mtandao wa kamera unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego, una kamera zaidi ya 1,000, na tangu mwaka 2023 wazimamoto wa jimbo hilo wanatumia akili mnemba iliyofundishwa kuutambua moshi ndani ya picha zake. Hata hivyo, setilaiti inayotazama bara zima muda wote iko karibu kilomita 36,000 juu, na katika picha zake za joto kila nukta hufunika upana wa takribani kilomita mbili. Mtu aliye kileleni hutofautisha vumbi la lori, ukungu unaopanda bondeni baada ya mvua na moshi wa mti mmoja uliopigwa radi, na huweza kupokea redio ya kikosi kilicho bondeni ambako mawimbi hayafiki na kukionya kwamba upepo umegeuka. Ndiyo maana mamia ya madungu bado huwekewa walinzi kila kiangazi.

Dhana ya pili ni kwamba kuhifadhi madungu ni kuisifu sera iliyoyajenga. Sera ya kuzima kila moto iliachwa na Idara ya Misitu mwaka 1978, baada ya kudhihirika kwamba misitu iliyonyimwa moto mdogo kwa miongo mingi hurundika kuni, na siku ikishika hushika kwa ukali usiodhibitika. Dungu ni ushahidi wa ujasiri na wa kosa kwa pamoja. Anayelibomoa kwa sababu ya kosa anabomoa pia mahali ambapo kosa hilo lingeweza kuelezwa kwa kunyoosha kidole kwenye msitu wenyewe.

Turudi kwenye karatasi inayong'aa. Ni kitambaa cha alumini chenye nyuzinyuzi za kioo ndani yake. Hurudisha joto linalotoka mbali na kuzuia cheche zinazorushwa na upepo zisiingie chini ya vigae, ingawa miali ikikilamba kwa muda mrefu hakitaokoa kitu. Baadhi ya mioto mikubwa hupita na madungu. Lile la Bull of the Woods huko Oregon, lililojengwa mwaka 1942, liliteketea mwaka 2021.

Je, linaloteketea lijengwe tena? Hapa ndipo zile nakala za mchoro mmoja zinaporudi. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, hofu ilikuwa kwamba jumba hilo ni moja tu duniani, na kila jiwe lililosagika halina pacha. Kwa madungu mambo ni kinyume: michoro ipo, vipimo vipo, mafundi wanaoijua kazi hiyo wapo, na chama cha wapenzi wa madungu kimekuwepo tangu mwaka 1990 pamoja na rejista yake. Kisicho na nakala ni mahali. Dungu lililohamishiwa mjini likawekwa karibu na maegesho ya magari limebaki na mbao zake za kale, lakini limepoteza jicho lake na mwenzake wa kilima cha pili. Lililojengwa kwa mbao mpya juu ya kilele kile kile, likatangazwa wazi kuwa jipya, limepoteza mbao na kubakiwa na jicho. Nikilazimishwa kuchagua, nitachagua la pili.

Tena kuna namna ya kujaribu kama kazi imefanywa sawasawa. Vibao vya madirisha vikishainuliwa na kifaa cha Osborne kikirudishwa katikati ya chumba, hakitumiki papo hapo. Sahani huwekwa sawa isiegemee upande, kisha mtu huinama kwenye upenyo, hulenga kilele cha mbali ambacho nyuzi zake zinajulikana, na kuizungusha sahani nzima kidogo kidogo mpaka unywele wa farasi ulale juu ya kilele hicho na namba kwenye pete ikubaliane.